Nililipia kabro, kumbe nalipia mafuriko

Kuna kitu huwa sipendi kuongea kwa simu na watu wa nyumbani. Yale maji yaliyosumbua mtaa wetu Nyamasaria, Kisumu, mengine nilileta mimi, tena kwa pesa yangu nikiwa huku Portland, Oregon, najiona mtoto wa maana kweli kweli.

Mathe alikuwa analalamika matope tu, ati wageni wakija viatu vinaharibika, nikatuma pesa fundi akapiga kabro, yale matofali ya simiti ya kupanga chini, kutoka geti mpaka nyuma ya jikoni. Picha zikaja WhatsApp, boma linang'aa kama petroli stesheni. Sikugundua kwamba kale kashamba ka nduma na migomba, pale maji ya gata yalikuwa yanamwagikia tangu nikiwa mdogo, kamefunikwa kote. Mvua ya Aprili ikaja, maji ya mabati yakashikana na ya kabro yakapita moja kwa moja hadi kwa jirani, godoro likalowa. Mama akanipigia, hakupiga kelele hata: "Umenipambia boma, sawa, lakini sasa watu hawanisalimii."

Ndio nikaanza kuangalia vizuri hapa ninapokaa. Nyumba niliyokodi, bomba la gata limekatwa karibu na chini likawekwa kiwiko, maji yanaenda kwa nyasi. Nilipohamia nilidhani limevunjika nikaripoti kwa landilodi, mzee akacheka sana. Kumbe mji wenyewe ulikuwa unawaambia watu wakate, kuanzia 1993 hadi 2011, mwenye nyumba akijikatia analipwa dola 53 kwa kila bomba, na yaliyokatwa yalipita 56,000. Sababu ni kwamba maji ya mvua na ya choo yalikuwa yanatumia sewa moja, mvua ikizidi uchafu unaenda mtoni. Na msidhani hawakuchimba, walichimba mahandaki makubwa ya kubeba maji hayo ambayo yalikula dola bilioni 1.4, lakini maji yakibaki kwa bustani ya mtu hayo hayahitaji handaki, hesabu ni hiyo tu. Kuna barabara nyingine, kama Siskiyou, tangu 2003 wametoboa ukingo wa lami wakachimba vibustani, maji ya barabarani yanaingia humo, yanakaa na mimea, kimoja kikijaa yanateremka kwa kingine. Ni kazi ya jembe na kokoto, sioni kitu pale fundi wa Kondele huko Kisumu atashindwa.

Ila wale wanasema tukopi kila kitu, hapana. Mvua ya huku inanyunyiza siku nzima kama mtu anamwagilia sukuma, ya Kisumu inamwagwa kama sufuria imepinduliwa. Alafu udongo wetu ni ule mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, ukinyeshewa unanata na maji hayazami haraka. Ukichimba kibustani bila kokoto chini na bila njia ya maji kutokea, umefuga mbu. Kwetu ningeanza na tangi chini ya gata, maana si pia mifereji ya nyumbani inakauka kila mara? Lakini ukiona wingu uwe umepunguza maji ya tangi, tangi limejaa halisaidii mtu mvua ikija.

Na mto Auji wa hapo Kisumu uachiwe nafasi yake jamani. Watu wanajenga mpaka ukingoni alafu mvua ikinyesha wanauliza kaunti iko wapi (na kaunti pia ina maswali yake, huo mtaro wenye chupa na viatu kuukuu nani atauzibua). Mafunjo ya Dunga kando ya ziwa tunayaita kichaka, tunataka kumwaga maramu tuuze ploti, na hayo mafunjo yanapunguza mwendo wa maji na kushika tope kabla halijafika ziwani, bila mshahara. Mtaro wa simiti peke yake unafikishia watu wa mtaa wa Nyalenda huko chini shida yako mapema zaidi.

Sisi wa diaspora tumechangia sana, tunatuma pesa kila inchi ipigwe simiti ndio ionekane mtoto yuko majuu.

Wiki iliyopita nilimpigia yule yule fundi, nikamwambia ang'oe kabro za nyuma ya jikoni, achimbe, aweke kokoto na bomba la kutoa maji yakizidi, arudishe nduma. Akanyamaza kidogo, nikadhani netiweki imekatika. "Bosi, ulinilipa niweke, sasa unanilipa nitoe?" Nikamwambia ndio. Akaongeza bei.