Kirusi cha Windows Ndani ya Linux: Mzaha Huu Una Ukweli Kiasi Gani?

Mzaha wenyewe ni wa zamani na una sura nyingi. Mtumiaji wa Linux anapokea barua pepe yenye kiambatisho cha .exe, yaani programu ya Windows. Anakibofya, kimya. Anaandika kuomba msaada: nimesakinisha Wine (ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux), nimeongeza maktaba za Visual Basic 6, nimezima ulinzi wote, bado kirusi kinagoma, nimekosea wapi? Anajibiwa kwa upole kwamba Wine yake imepitwa na wakati, ajaribu toleo jipya. Wanaotumia Linux hucheka sana hapa, maana mahangaiko hayohayo wameyapata wakitafuta kuendesha programu halali.

Wapo wanaosema kicheko hicho kina haki: mashine zao ziko salama, na wengine wajue shida zao. Wapo wanaosema ni kicheko cha kuwalaza watu usingizi. Ukizitazama kwa karibu, pande hizi mbili hazizungumzii kitu kimoja. Mzaha ni wa kweli ukiwa unauzungumzia mfumo. Ukifika kwenye faili zako, unaanza kupwaya.

Wacheshi kwanza, kwa kuwa hoja zao si haba. Wine haina Windows ndani yake. Ilianza 1993 kama kazi ya kuandika upya, moja baada ya nyingine, huduma ambazo programu ya Windows huziomba kwa mfumo wake, na ilifika toleo 1.0 Juni 2008, miaka 15 baadaye. Mwandishi wa kirusi hakuwa akiiwazia. Aliandikia Windows yenyewe, tena mara nyingi zile pembe zake za giza ambazo hazimo kwenye maelezo rasmi, na huko ndiko Wine ina mapengo.

Chukua kirusi cha zamani kilichoandikwa kwa Visual Basic 6. Bila msvbvm60.dll, maktaba ya lugha hiyo, hakianzi kabisa, na faili hiyo haiji na Wine. Unaiweka mwenyewe kwa `winetricks vb6run`. Yaani ili uugue, sharti kwanza usakinishe mahitaji ya ugonjwa. Kilichoandikwa kwa .NET, jukwaa la programu la Microsoft, kinataka Mono, mbadala wake huria, au `winetricks dotnet48`. Kinachofanya kazi zake kupitia PowerShell, chombo cha amri cha Windows, kinakuta powershell.exe ya Wine, ambayo ni ganda tupu: jina lipo, ukiiita inarudi bila kutenda lolote. Hakuna dirisha la kosa, shambulio linafia hapohapo.

Zile zinazojichimbia chini zaidi ndizo zinazochekesha zaidi. Kwenye Windows, draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, huingia ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, na ikishaingia inaweza kujificha isionekane na programu yoyote ya ulinzi. Kwenye Wine, draiva hubebwa na winedevice.exe, mchakato wa kawaida wa mtumiaji wa kawaida. Kirusi kinajiona kimekalia kiti cha enzi, kumbe kiko barazani na wageni wengine. Kikitaka kuandika juu ya sekta ya kwanza ya diski kupitia `\\.\PhysicalDrive0`, kinagonga ruhusa za /dev/sda (diski hiyohiyo kwa jina la Linux) ambazo akaunti ya kawaida haina. WannaCry, programu hasidi iliyolipuka 12 Mei 2017, ilihama kutoka mashine hadi mashine kwa kasoro ya SMBv1, njia ya zamani ya kushirikiana faili, katika seva ya Windows. Wine haina seva hiyo, hivyo hakuna mlango wa kugonga. (Samba, seva ya kushirikiana faili inayotumika kwenye Linux, ni habari nyingine. Kasoro yake nzito, CVE-2017-7494, ilitangazwa mwezi huohuo, na hiyo ni ya Linux kabisa.)

Kuna kisa cha kweli kinachoushinda mzaha wowote wa kutunga. Aprili 2006, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Kaspersky ilitangaza kirusi cha majaribio kilichoweza kuambukiza faili za Windows na za Linux kwa pamoja, kikaitwa Bi.a. Waliokijaribu kwenye kerneli mpya ya wakati huo, 2.6.16, walikuta hakifanyi kazi. Sababu ikapatikana: kikusanyi cha GCC, kinachogeuza msimbo wa kerneli kuwa programu, kilikuwa kinachafua rejista moja (kihifadhi kidogo) ya prosesa wakati wa wito wa mfumo, na kirusi, kwa kuwa kiliandikwa kwa lugha ya assembly, kilitegemea rejista hiyo ibaki ilivyo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika kiraka, na kirusi kikafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Hakufanya ajabu yoyote. Kilichovunja kirusi kingeweza kuvunja programu halali vilevile. Ila bado: kirusi kiliripotiwa kuwa kibovu, na mfumo ukarekebishwa ili kipone.

Kisa hicho ndicho kinachobeba hoja ya upande wa pili. Mfumo ukipata uwezo wa kuendesha programu vizuri zaidi, unaendesha vizuri zaidi na programu hasidi. Proton, inayotumia Wine kwa michezo ya duka la Steam, ilitoka 2018. Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya michezo, ikafuata Februari 2022. Kila pengo lililozibwa ili mchezo fulani uwake limezibwa pia kwa yule aliyefunga kirusi ndani ya nakala ya wizi ya mchezo huohuo. Wine wenyewe hawafichi: katika maswali yao ya kawaida, kuna linalouliza kama Wine inaafikiana na programu hasidi, na jibu ni ndiyo.

Sasa andika kwenye terminali `ls -l ~/.wine/dosdevices`. Utaona `c:` inaelekea `../drive_c`, na chini yake `z:` inaelekea `/`. Hiyo Z ndiyo kiini cha jambo lote. Ni mzizi wa diski yako nzima, umefunguliwa kwa kila programu ya Windows unayoiendesha, ili uweze kufungua waraka wako bila kuunakili kwanza.

Programu ya kikombozi, ile inayofunga faili kwa usimbaji kisha kudai pesa, haihitaji draiva, PowerShell wala kasoro ya SMB. Inahitaji orodha ya diski, wito wa kutembea ndani ya folda, na wito wa kusoma na kuandika faili. Hivyo ndivyo vitu ambavyo Wine ilivipatia mapema kabisa, kwa kuwa hata kihariri cha maandishi hakiishi bila hivyo. Inapita herufi moja moja. Kwenye C haikuti cha maana. Kwenye Z inakuta /home, inakuta /media, inakuta na ile diski ya nje yenye nakala rudufu ambayo huwa haichomolewi. Kwenye /usr na /etc inanyimwa ruhusa na kusonga mbele. Mwisho wake ni wa kejeli: mfumo mzima kama haukuguswa, kompyuta inawaka kama kawaida, picha na nyaraka zimekwenda. Hata mandhari ya mezani yenye tangazo la kikombozi huenda isionekane, kwa sababu wito wa Windows wa kubadili mandhari hauifikii meza ya Linux.

Wapo wanaojitetea kwamba faili lililopakuliwa halina ruhusa ya kuendeshwa. Hoja hii haifai hapa. Anayeendeshwa ni Wine; .exe kwake ni faili la kusomwa, na `chmod +x` haihusiki. Kama meza yako imeunganisha aina ya .exe na Wine, kubofya mara mbili kunatosha.

Programu hasidi nyingine zinaangukia katikati. Za kuiba nywila za vivinjari hutafuta Chrome chini ya `%LOCALAPPDATA%`, na huko ndani ya Wine ni patupu. Chrome ya Linux inakaa `~/.config/google-chrome`. Za kunasa vibonye kwa kawaida huishia kuona vibonye vya madirisha ya Wine tu. Lakini zile zinazovizia ubao wa kunakili, zikiona anwani ya sarafu ya kidijitali zikaibadilisha na yao, zina nafasi nzuri, kwa kuwa Wine inaunganisha ubao wake na wa meza yako.

Na usajili wa kujianzisha? Linux ikiwaka haisomi rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), hivyo kirusi kilichojiandika humo kinalala. Lakini kilichojisajili kama huduma ya kuanza chenyewe huweza kuamka mara tu unapofungua programu yoyote ya Wine ndani ya folda ileile.

Anayetaka kujionea mwenyewe, ajue kwamba Wine si jela. Kufuta `z:` kunasaidia dhidi ya programu isiyojua iko wapi, lakini Wine inatambua pia njia za aina ya `\\?\unix\`, na folda kama Documents ndani ya `drive_c/users` kwa kawaida ni viungo vya folda zako halisi. `winetricks sandbox` huondoa vyote viwili, `z:` na viungo hivyo. Hata hivyo msimbo unaoendeshwa ni wa prosesa yako moja kwa moja; ukijua uko Linux, unaweza kuiita kerneli bila kupitia Wine. Kuta za kweli ziwekwe nje: kompyuta pepe yenye hali iliyohifadhiwa ya kurudia, bila folda za kushirikiana na bila mtandao. Kwa jambo dogo, tumia firejail, chombo cha kuifungia programu: weka sampuli ndani ya `~/jela` kisha `firejail --net=none --private=$HOME/jela wine sampuli.exe`. Wine ikiomba kupakua Mono, kataa. Mtandao haupo hata hivyo. Na kamwe usitumie sudo hapo: ukiiendesha Wine kama root, yaani msimamizi mkuu, zile ruhusa zilizoilinda /etc na /dev/sda hazipo tena, na mzaha umeishia hapo.

Kukata mtandao nako kuna mtego wake. Sehemu ya kwanza ya WannaCry iliulizia anwani moja ya intaneti, ikijibiwa, inajizima. Marcus Hutchins, mtafiti wa usalama, aliisajili anwani hiyo na kuupunguza mlipuko kwa kiasi kikubwa. Ukiijaribu sampuli hiyo bila mtandao, anwani haijibu, na kirusi kinaendelea na kazi yake.

Kama kubofya kumeshatokea kwa bahati mbaya, anza na `wineserver -k`, inayozima kila kinachoendeshwa na Wine. Kama folda ya Wine si ile ya kawaida, itangulize kwa WINEPREFIX, kigezo kinachoitaja folda hiyo. Angalia kwa `ps aux | grep -i exe` kama kuna kilichobaki. Kisha `find ~ -type f -mmin -60` ikuoneshe faili zilizobadilika ndani ya saa moja. Pitia `~/.config/autostart`, `crontab -l` na `~/.bashrc`, ikiwa kirusi kilijua kiko wapi. Usiichomeke diski ya nakala rudufu kabla ya hapo. Folda ya `.wine` ifutwe yote. Kusafisha faili moja moja ndani yake ni kupoteza muda, kuijenga upya ni dakika chache.

Kosa kubwa zaidi la mzaha liko nje ya Wine: unampa mtu picha kwamba hatari zote zimeandikiwa Windows. Juni 2017 programu ya kikombozi iitwayo Erebus ilifunga seva 153 za kampuni ya Korea Kusini, Nayana. Zote zilikuwa Linux, na kirusi kilikuwa cha Linux.

Hata hivyo, wacheshi wamebakiwa na kisa kimoja ambacho hakijachuja. Baadhi ya programu hasidi, zikianza, huulizia ndani ya ntdll.dll, maktaba ya msingi ya Windows, kama kuna `wine_get_version`, au kama rejista ina `Software\Wine`. Zikiikuta, hujizima zenyewe, zikidhani zimenaswa kwenye maabara ya wachunguzi. Zikiwa kwenye kompyuta ya mtu aliyekuwa anatafuta mchezo wa bure, huondoka bila kugusa kitu.