Mchungaji wa Hellested na Maneno ya Wakulima

Mwaka 1683 Mfalme Christian wa Tano wa Denmark alimteua mchungaji mmoja wa usharika wa kijijini kuwa mtaalamu rasmi wa lugha ya Kidenmark. Uteuzi huo uliambatana na cheo, na cheo chenyewe hakikuwa cha Kidenmark: Philologus regius linguae Danicae, yaani mtaalamu wa kifalme wa lugha ya Kidenmark. Mtu aliyeheshimiwa kwa kuitetea lugha ya mama yake alivishwa kilemba kwa Kilatini, na mimi kila nikiyasoma maneno hayo matatu ya mwisho huona kwamba hali nzima ya zama zile imo ndani yake, bila kuhitaji maelezo ya mwanahistoria.

Mchungaji huyo ni Peder Pedersen Syv, aliyezaliwa mwaka 1631 katika kijiji cha Kirke Syv, karibu na mji wa Roskilde, katika kisiwa cha Sjælland. Jina la Syv alilitwaa kutoka kijiji hicho. Mwaka 1664 alipewa usharika wa Hellested, katika eneo la Stevns upande wa mashariki wa kisiwa hichohicho, akakaa hapo miaka 38 mpaka alipofariki mwaka 1702. Hakuwa profesa wala askofu. Alibatiza, akaoza, akazika, akahubiri kila Jumapili, na katikati ya kazi hizo akakusanya maneno.

Ili kazi yake ieleweke ni lazima kwanza tujue Kidenmark kilikuwa wapi. Mshairi Christian Wilster, aliyeishi karne ya 19, aliieleza hali ya zamani kwa beti ambazo Wadenmark wengi wanazijua: msomi aliyezama katika elimu aliandika Kilatini kwenye karatasi, akazungumza Kifaransa na mabibi, Kijerumani na mbwa wake, na Kidenmark na mtumishi wake. Ni mzaha, lakini mzaha wenye mizizi, kwa sababu hata jeshini amri ziliendelea kutolewa kwa Kijerumani hadi karne ya 18. Mimi nilisoma katika shule ambayo mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili nje ya kipindi chake alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Kwa hiyo mpangilio huo wa mabibi, mbwa na mtumishi sikuhitaji kufafanuliwa.

Wanaomsifu Syv aghalabu huanza na kitabu chake cha mwaka 1663, alichokiita fikra chache juu ya lugha ya Kikimbri. Ni kitabu cha utetezi. Kilitoka miaka mitano tu baada ya Mkataba wa Roskilde wa Februari 1658, ambao kwao Denmark, baada ya kushindwa na Sweden, ilipoteza Skåne, Halland na Blekinge, yaani majimbo yote ya upande wa pili wa mlangobahari wa Øresund. Taifa lililokatwa mkono namna hiyo hutafuta pa kujishikiza, na Syv alijishikiza kwenye ukale. Aliinasibisha lugha yake na Wakimbri, watu wa kale wanaosemekana kutoka rasi ya Jutland ambao walipigana na Warumi zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, ili ionekane kwamba Kidenmark nacho ni lugha ya ukoo mkongwe, isiyopaswa kuinama mbele ya Kijerumani wala Kilatini.

Nasema wazi kwamba upande huu wa Syv haunivutii. Kumtafutia mtu nasaba ya mbali ili aheshimiwe barazani ni kukiri kwamba kwa alivyo sasa hastahili heshima. Lugha iliyosemwa na wakulima wa Hellested asubuhi ile ya mwaka 1664, alipofika na mizigo yake, haikuwa na haja ya Wakimbri. Thamani yake ilikuwa kwenye kazi iliyofanya kila siku vinywani mwao, na naona Syv aliutambua ukweli huo vizuri zaidi alipoacha kuisifu lugha na kuanza kuisikiliza.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwenye methali. Syv alichapisha mkusanyo wake wa methali za Kidenmark katika sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1682 na ya pili mwaka 1688, na mpaka leo mtu anayetafuta methali ya zamani ya Kidenmark hufika mlangoni kwake. Hakuwa wa kwanza kuzikusanya. Kulikuwa na mkusanyo mkongwe uliokwenda kwa jina la Peder Låle, wenye methali zaidi ya 1000, uliotoka katika zama za kati na kupigwa chapa Copenhagen mwaka 1506. Lakini tazama jinsi ulivyopangwa: kila methali ilikuwa na mstari wa Kilatini na mstari wa Kidenmark, na shabaha ilikuwa kuwafundisha wavulana wa shule Kilatini. Methali ya mkulima ilikuwa ngazi. Mtoto aliikanyaga ili apande juu, akishafika asiitazame tena.

Syv aliigeuza ngazi hiyo kuwa nyumba. Kwake methali haikuwepo ili kumfikisha mtu kwenye lugha nyingine. Iliwekwa kitabuni kwa sababu ni ya Kidenmark na ina akili ndani yake, na hoja hiyo, ambayo leo inaonekana nyepesi, katika karne ya 17 ilihitaji mtu mwenye kichwa kigumu kuisimamia. Wadenmark wana methali ya kale isemayo kwamba mtoto aliyeungua huuogopa moto. Sisi tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika nyumba ya Denmark yenye kipupwe cha miezi mitano, jiko la moto ndilo kitovu cha maisha na ndilo hatari ya kwanza anayoijua mtoto. Kwetu hatari ya kwanza i nje, majanini. Wanasema pia kwamba vyungu vidogo navyo vina masikio, wakimaanisha watoto waliokaa kimya pembeni huku watu wazima wakinong'ona. Masikio ni vishikio vya chungu. Ukiitafsiri methali hiyo bila kukiona chungu, utakuwa na maneno mikononi bila mzaha wake, na mzaha ndio unaoibeba.

Naomba nisimtakase. Katika mkusanyo wake si kila kilichomo kilitoka mdomoni mwa mkulima. Mna methali zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine na mna hekima za vitabuni zilizovalishwa nguo za kijijini, na anayetaka kuzitumia kama ushahidi wa fikra za Wadenmark wa kawaida inambidi apepete kama mtu anayepepeta mchele wenye chuya. Msomi wa leo angemlaumu kwa hilo na angekuwa na haki. Lakini Syv hakuwa akifanya sensa ya methali. Alikuwa akijenga ghala, na mjenga ghala hutia kila anachoona kitafaa wakati wa njaa. Mwaka 1845 Grundtvig, mchungaji mwingine aliyeipigania lugha ya Kidenmark, alitoa mkusanyo wake wa methali kwa watu wa karne ya 19, na kufikia wakati huo fikra kwamba maneno ya wakulima yanastahili kitabu haikuwa tena ya ajabu.

Juu ya sarufi nitapita haraka. Mwaka 1668 Erik Pontoppidan alichapisha sarufi ya Kidenmark iliyoandikwa kwa Kilatini. Syv akatoa yake mwaka 1685, kwa Kidenmark. Hayo yanatosha kuonyesha tofauti yao: mmoja alimweleza mgeni msomi jinsi lugha ya Wadenmark ilivyo, mwingine alimweleza Mdenmark lugha yake kwa lugha yake.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini kazi hii ifanywe na mchungaji. Ukitazama majina utakuta si yeye peke yake, kwani hata Henrik Gerner, aliyeandika juu ya tahajia ya Kidenmark katika miaka ya 1670, alikuwa mchungaji wa Birkerød kabla ya kuwa askofu. Sababu yake nadhani ni ya kawaida kabisa. Mchungaji wa kijijini alikuwa na elimu ya chuo kikuu, alikuwa na riziki kutokana na zaka na shamba la usharika, na alikaa miaka mingi mahali pamoja na watu ambao hawakuandika. Profesa wa Copenhagen alikuwa na vitabu lakini wakulima hakuwa nao, na mkulima alikuwa na maneno lakini hakuwa na karatasi. Nyumba ya mchungaji ilikuwa mahali pekee ambapo vyote viwili viliingia kwa mlango mmoja.

Sisi Waswahili tunaijua sura hii, lakini kwa namna nyingine. Methali zetu nazo zilikusanywa na mtu wa dini: William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa, alizichapisha mwaka 1891. Namheshimu, na hasa namheshimu Mwalimu Sikujua, ambaye kupitia kwake tungo nyingi za Muyaka, mshairi wa Mombasa, zilimfikia Taylor na kuokoka. Hata hivyo Taylor alikuwa akichota kisima cha jirani, na maji aliyapeleka kwa watu wa kwao waliotaka kujifunza Kiswahili. Syv alichota kisima alichonyweshwa utotoni na akamimina palepale. Ndiyo maana siwaweki kapu moja, ingawa wote wawili walivaa kola.

Kazi kubwa ya mwisho ya Syv ni ya nyimbo, na hadithi yake inaanza karne moja nyuma. Mwaka 1586 Malkia Sophie alikwenda kisiwani Hven kumtembelea mwanafalaki Tycho Brahe, na dhoruba ikamzuia asivuke kurudi. Anders Sørensen Vedel, mhubiri na mwanahistoria ambaye alikuwa mlezi wa Brahe katika ujana wake, alikuwapo, na mazungumzo yakaangukia kwenye nyimbo za zamani alizokuwa akizikusanya. Malkia akamhimiza azichapishe. Mwaka 1591 Vedel akatoa nyimbo 100 kutoka mtambo wake wa uchapaji mjini Ribe. Mwaka 1695 Syv akakitoa tena kitabu hicho, akaongeza nyimbo nyingine 100, na kwa vizazi kadhaa kitabu hicho cha nyimbo 200 kikawa ndicho walichokuwa nacho Wadenmark walipotaka kusoma nyimbo za mababu zao.

Miongoni mwa zile alizoziongeza mna utenzi wa bwana Oluf. Oluf amepanda farasi usiku, anakwenda mbali kualika watu kwenye harusi yake. Njiani anakuta viumbe wa vilimani wanacheza, wale ambao Mswahili angewaita majini bila kusita, na binti wa mfalme wao anamnyoshea mkono amkaribishe ngomani. Oluf anakataa kwa kuwa kesho ndiyo siku ya harusi yake. Binti anampa zawadi, anakataa. Basi anampiga pigo la ugonjwa na kumwinua juu ya farasi wake, aende kwa mchumba wake. Anafika nyumbani amepauka, mama yake anasimama mlangoni akiuliza mbona rangi imemtoka. Asubuhi bibi arusi anakuja na wageni, anauliza bwana yuko wapi, anazungushwa kwa majibu, mwisho anaifunua shuka nyekundu na kumkuta Oluf chini yake, amekufa.

Sasa ulitazame hili pamoja na mwaka wake. Mwaka 1693, miaka miwili tu kabla ya kitabu, mwanamke aitwaye Anne Palles alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto kwa kosa la uchawi na kufanya agano na shetani, na yeye ndiye wa mwisho kuuawa kwa hukumu halali ya aina hiyo nchini Denmark. Katika nchi hiyo, chini ya kanisa hilo, mchungaji wa Kilutheri alichapisha utenzi ambamo binti wa majini anamshinda Mkristo usiku wa kuamkia harusi yake na hakuna msalaba unaomwokoa. Syv hakuuondoa wala hakuubadili mwisho wake ukawa mahubiri. Wakati mwingine ujasiri wa mwanazuoni ni kuliacha jambo lilivyo, na kwangu utenzi huu una uzito kuliko kurasa zote za Wakimbri.

Na ndio uliosafiri mbali. Katika miaka ya 1770 mwandishi wa Kijerumani Johann Gottfried Herder aliusoma na kuutafsiri kwa Kijerumani katika mkusanyo wake wa nyimbo za mataifa. Kwenye jina la mfalme wa majini akateleza: neno la Kidenmark linalowataja viumbe hao linafanana na jina la mti uotao kwenye majimaji, mti ambao Kijerumani huuita Erle, na Herder akamwita mfalme huyo Erlkönig, mfalme wa mti. Goethe, mshairi wa Kijerumani, akalichukua jina hilo mwaka 1782 kwa shairi lake, na mtunzi wa muziki Schubert akalitia muziki mwaka 1815. Kumbi za Ulaya zikamjua mfalme wa mti ambaye hakuwahi kuwapo katika ngano yoyote, aliyezaliwa kwa kosa la tafsiri, na lugha iliyomzaa ni Kijerumani, ileile iliyosemeshwa mbwa katika beti za Wilster.