Mti shambani: rafiki wa mvua, mshindani wa maji

Tazama shamba la mahindi lenye mstari wa migrevilea mpakani, miti ambayo haijaguswa na panga kwa miaka mitano. Mistari mitatu ya kwanza ya mahindi imedumaa, na jua likikaza majani yake hujikunja kabla ya yale ya katikati. Mkulima anayeona hivyo kila msimu akiambiwa kuwa kilimo mseto cha miti, yaani kukuza miti na mazao katika shamba moja, ni kinga dhidi ya ukame, ana haki ya kuguna. Mwaka wa mvua chache ndio mwaka ambao mti na hindi hugombania maji zaidi. Wapigia debe wengi hupita kimya hapo.

Tatizo hilo lina dawa, ila ni kazi. Matawi ya chini hukatwa hadi nusu ya urefu wa mti. Kisha, mvua zinapoanza, huchimbwa mfereji mwembamba wenye kina cha nusu mita, mita moja kutoka kwenye shina, upande wa mazao pekee. Ukikata mizizi pande zote mbili kwa mpigo, upepo utauangusha mti. Mwaka unaofuata mizizi imesharudi, na jembe nalo lirudi.

Upande wa pili una ushahidi ambao si wa kupuuza. Katika eneo la Maradi nchini Niger, kuanzia 1983, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliwahimiza wakulima waache kusumbuka na miche iliyokuwa ikifa na badala yake watunze visiki vilivyokuwa hai ardhini. Kisiki hubakiziwa machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine hukatwa, na kila baada ya miezi michache mkulima hurudi kupogoa. Hakuna kitalu, hakuna viriba, hakuna kumwagilia. Makadirio ya eneo lililofunikwa hivyo nchini humo hufikia hekta milioni 5. Wakulima waliokuwa wakirudia kupanda mara mbili au tatu kwa sababu mchanga unaopeperushwa ulifukia miche ya mtama, walipata mahali pa kuukingia upepo.

Mti wa Faidherbia albida, wa jamii ya migunga, una tabia ya ajabu zaidi: hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuchipua kiangazi, kwa hiyo hauleti kivuli mazao yanapohitaji jua. Kasoro yake ni uvivu wa kukua. Anayeupanda leo asitegemee rutuba yake kesho kutwa.

Wenye haraka huelekezwa kwenye gilirisidia, mti ambao majani yake hurutubisha udongo, unaopandwa kati ya mistari ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 150 kwa 90, yaani zaidi ya miche 7,000 kwa hekta. Hapo ndipo hesabu ya nguvukazi inapouma. Miti hukatwa kwa urefu wa sentimita 30 mara mbili hadi tatu kwa mwaka, na majani hufukiwa yakiwa mabichi. Yakiachwa juu ya ardhi, mifugo huyala au nitrojeni hupotea hewani. Ukichelewa kukata kwa wiki chache, mahindi machanga hufunikwa na kivuli, na wiki hizo ndizo za palizi. Faida yenyewe huonekana baada ya miaka miwili au mitatu. Tena majani hayo hutoa nitrojeni kwa wingi lakini fosforasi kidogo, kwa hiyo kusema mbolea ya dukani sasa basi ni kumdanganya mkulima.

Kwa maoni yangu, mwenye visiki hai shambani aanze navyo kabla ya kununua mche hata mmoja.

Aliyekodi shamba yuko katika hali nyingine kabisa. Mahali pengi kupanda mti ni kudai ardhi, na mwenye shamba hataki kusikia habari hiyo. Kumlaumu mpangaji kwamba haoni mbali ni kumwonea. Kwake kichaka cha muda mfupi kinafaa zaidi, na mbaazi ni mfano mzuri: hukua taratibu mahindi yakiwa shambani, hupukutisha majani yanayorutubisha udongo, na punje zake huvunwa mwaka huo huo. Shina likikauka ni kuni, na mwenye shamba hana la kulalamikia.