Sikuwa Mke wa Pili, Nilikuwa Nahama

Kabla hamjaendelea kunitumia zile emoji za kucheka, niseme hivi: mimi si mke wa pili wa mtu. Marehemu sikumjua. Sura yake niliiona mara ya kwanza kwenye picha iliyobandikwa kioo cha mbele cha basi, mimi nikiwa nimekumbatia pipa. Najua rafiki yangu ameshawamwagia mambo yote kwenye grupu ya chama, na najua stori yake ni tamu kuliko yangu. Jina lake nalihifadhi kwa sababu sufuria yangu kubwa bado iko kwake. Lakini yeye alikaa mbele na dereva, dirisha limefungwa, anatafuna njugu. Niliyekuwa nyuma ni mimi.

Bustani yangu ya Manyatta, hapa Kisumu, mnaijua, nimewachosha nayo picha kila Jumapili. Mwenye nyumba akanipa notisi ya mwezi, eti kijana wake anarudi nyumbani na mke. Sikatai, nyumba ni yake. Lakini ni notisi gani hiyo ya kuletwa wakati mvua ya masika ndiyo imeshika, nyanya zimezaa mpaka vijiti vinapinda, zile za chini zimeanza kugeuka rangi? Nikamwomba aniongezee muda kidogo, nivune tu. Akaniambia, "Mama, nyanya ziko soko la Kibuye, tena tele." Mtu akikujibu hivyo, nenda ukatafute katoni.

Katoni nikatafuta, ila nikaapa bustani siiachi. Mkulima yeyote atawaambia sukuma haina maneno: unavunja vile vichipukizi vya ubavuni, unavichomeka kwingine, vinashika. Mchaichai unaupasua kwa panga, unagawana na jirani. Saga, ile mboga ya kienyeji, ndiyo usijisumbue kuihamisha, haipendi kuguswa mzizi. Hiyo niling'oa yote nikaipika kwa maziwa. Kazi ilikuwa nyanya. Nilizimwagilia jioni, alfajiri nikazichimbua na udongo wake, nikapunguza majani zisinyauke, nikazisimamisha kwenye mikebe ya rangi. Sukuma nilizichuma majani yote ili mashina yasafiri mepesi, majani yakajaza magunia mawili. Na kwa kuwa jua la Kisumu likitoka kati ya mvua mbili halimjui mtu, nikakata matawi ya maua makech, yale ya njano yanayojiotea kando ya njia, nikayafunga pande zote za pikapu yawe kivuli. Yaliyobaki dereva akayachomeka mbele kwenye bampa. Alisema yanapendeza.

Shikeni hapo kwenye matawi. Tutarudi.

Halafu kuna pipa. Wageni humu huenda hawajui chai ya mbolea. Unakatakata majani ya hayo hayo maua makech, unatia na samadi ya ng'ombe, unajaza maji, unafunika, unakuwa unakoroga. Baada ya wiki mbili hivi majani yameoza, maji yamekolea, na sukuma ukiimwagia hiyo kitu iliyozimuliwa inatoa majani ya kufunika sinia. Gharama yake ni harufu. Jirani wangu wa Manyatta alikuwa akipita ua wangu anashika pua na mkono mmoja na kunisalimia na mwingine. Sasa, kitu kinachochacha kinatoa hewa, kwa hiyo kifuniko huachwa kimelegea. Kijana wa kupakia mizigo alikikaza kwa nguvu zake zote, akamalizia na ngumi mbili juu. Nikamwongeza hamsini kwa kazi nzuri.

Ilikuwa Ijumaa. Watu wa huku kwetu mmeshaanza kushika kichwa. Ijumaa Kisumu ndiyo siku marehemu wanapelekwa nyumbani, mazishi yawe kesho yake: msafara wa magari, matawi yamefungwa kila mahali, taa zinawaka mchana, boda zinatangulia zikipiga honi. Na sisi tunatoka Manyatta na pikapu iliyovikwa majani hadi kwenye bampa, imewasha taa za tahadhari kwa sababu kitanda changu kilikuwa kimechungulia nje.

Tulipofika Kondele boda moja yenye tawi ikajilaza katikati ya barabara, jamaa akatupungia, "Ingieni! Ingieni haraka!" Dereva akaingia. Semeni ukweli, ni nani kati yenu angekataa kupewa njia Kondele? Makanta yalisimamishwa kwa ajili yetu. Askari wa trafiki alitupisha. Wazee wakavua kofia. Mbele yetu kulikuwa na Probox, mbele yake gari la maiti lenye spika juu ya paa linaimba, nyuma yetu basi la kukodi limejaa akina mama. Dereva alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nalia.

Ndiyo, nililia. Kila tuta lilikuwa likipukutisha maua ya nyanya, yale madogo ya njano, yananiangukia kwenye leso moja moja, na kila ua ni nyanya ambayo haitazaliwa. Mama mmoja wa omena kando ya barabara akanitazama, akaweka mkono shavuni, akasema, "Pole, nyathina," yaani mwanangu. Nikamwitikia kwa kichwa. Alinigusa sana. Nilidhani ni mkulima mwenzangu.

Mamboleo ndipo tulipotakiwa kukata kona. Nikagonga paa. Dereva akawasha indiketa, boda mbili zikamjia ubavuni zikimfokea asivunje msafara, basi nyuma likapiga honi, akanywea, akaenda mbele. Nikagonga tena. Rafiki yangu akageuka, akaniona kupitia kioo, akanipungia na njugu.

Basi, tukaanza kupanda Riat.

Ule mlima mnaujua. Pikapu ilikuwa nzee, ikaingia gia ya kwanza inalia, mzigo wote ukaegemea nyuma: kabati ya vyombo, godoro, mikebe ya nyanya, na pipa likanijia taratibu likakaa juu ya magoti. Ndipo nikasikia sauti. Sss. Nikatazama chini. Kifuniko, ambacho asubuhi kilikuwa bapa, kilikuwa kimevimba katikati. Nikakigusa, kikanidunda. Kukifungua sasa hivi, na akina mama wote wale nyuma wananiangalia? Nikafanya hesabu ya haraka, nikainuka, nikakikalia. Uzito wangu, kwa wasionijua, si haba. Na kweli ile sauti ikanyamaza. Kwa muda nilikaa pale juu ya pipa langu, mgongo wima, matawi kushoto na kulia, machozi hayajakauka, nikiwatazama wale akina mama uso kwa uso. Mmoja akaanzisha wimbo.

Dereva akabadilisha gia. Gari likashtuka.

Sikusikia mlipuko. Nilichohisi ni kuinuliwa. Nilipotua nilitua kwenye godoro, na pipa lilikuwa linaanguka kwa mlango wa nyuma likitapika njia nzima. Kioo cha mbele cha basi kikawa kijani. Dereva wa basi, maskini, akawasha waipa, na waipa zikaitandaza: kushoto, kulia, kushoto, na jani moja la makech limenasa linaenda na kurudi juu ya picha ya marehemu. Kisha nikaona madirisha ya basi yakifungwa. Moja. Lingine. Lingine. Wimbo ukakatikia katikati ya ubeti.

Na upepo wa ziwa, mnaujua, mchana unapanda. Harufu haikubaki na sisi. Ikapita juu ya pikapu, ikapita Probox, ikafika mbele.

Msafara ukasimama. Spika ikazimwa. Mzee mmoja mwenye bakora akashuka, hakuangalia kushoto wala kulia, akaenda moja kwa moja kwenye gari la maiti. Akainama kwenye mlango wa nyuma. Akanusa. Akaita mzee mwenzake, naye akainama, akanusa, wakatazamana. Nikaelewa wanamshuku nani. Jamani, mtu amelala zake hawezi kujitetea. Nikasimama kwenye godoro, nimelowa, samadi inanitiririka shingoni, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Wazee, si yeye! Ni mimi!"

Shingo zote zikageuka.

"Wewe," mzee akasema polepole, "ni nani kwa marehemu?"

Mlango wa Probox ukafunguka. Akashuka mama mmoja aliyevaa nyeusi mpaka kilemba. Akanitazama. Akatazama kitanda. Akatazama godoro, kabati ya vyombo, masufuria, ndoo, hata ule ufagio wangu. Akarudi kunitazama mimi, macho yangu mekundu. Na hapo ndipo nilipoona anachokiona: mwanamke asiyejulikana, analia, anafuata maiti ya mume wa mtu kwenda nyumbani kwake, na amebeba kitanda.

"Mama," nikasema, "mimi nahama tu."

"Unahamia wapi?" akauliza. Kwa sauti ya chini. Afadhali angefoka.

Ulimi wangu ukakwama. Jina la ploti likanitoka kichwani, Mamboleo yenyewe ikanitoka. Rafiki yangu akaona anisaidie. Akafungua mlango, mdomo umejaa njugu, akatangaza, "Ametoka Manyatta!" Basi zima likasema, "Wuololo!"

Mengine ni mafupi. Dereva aliapa kwa mama yake kwamba hanijui. Keateka, yule msimamizi wa nyumba mpya, akapigiwa, akawekwa kwa spika, akathibitisha ananisubiri tangu asubuhi na kwamba deposti haijakamilika, jambo ambalo halikuwa lazima msafara mzima ulisikie. Aliyecheka wa kwanza ni mjane, Mungu ambariki, alicheka mpaka akashikwa mikono. Basi lilioshwa na maji ya mitungi yangu. Shangazi mmoja akafunua magunia akauliza kama zile sukuma ni za wageni, na mimi katika hali ile ningesema nini? Nikasema ni za wageni. Nyanya zilizoiva zikaenda pia. Tuligeuzia Kiboswa, na dereva akanidai pesa ya kuosha gari na ya mwendo ulioongezeka.

Hali ya bustani, kwa wanaouliza: niko ghorofa ya pili, nina veranda ya kuweka mikebe. Mchaichai hauna habari. Sukuma zimeshika. Nyanya zilimwaga maua yote, lakini zile za kijani zilizobaki nimezifungia kwenye katoni na ndizi mbivu na zinageuka. Pipa lilibaki kwenye mtaro wa Riat, na keateka amesema likirudi, mimi niende.

Yule sekretari wa kamati ya mazishi alichukua namba yangu ili anirudishie magunia. Magunia sijayaona. Aliniingiza kwenye grupu ya familia, nimehifadhiwa kama "Mama Kitanda", na kila nikitaka kutoka naona mjane ameandika "asanteni nyote" na moyo unakataa. Jana wametuma paybill ya kusakafia kaburi. Nimetuma mia tano.