Kiingilio cha Watano, Wakaja Wawili

Jamani, mimi sina ugomvi na mwanamuziki kuzeeka. Azeeke tu. Hata mimi suruali niliyofungia ndoa leo haivuki goti. Ugomvi wangu ni wa hesabu, tena ya darasa la pili: kundi lina watu watano, wakibaki wawili, kiingilio kiwe shilingi ngapi? Mwanangu wa darasa la pili kaipata. Mapromota wa mji huu wamefeli.

Siku hizi kila kitu kinanywea huku bei imesimama palepale. Mkate umekuwa mdogo, ukiubana kidogo unaenea mfukoni. Sabuni ya mche ukifulia mashuka mawili inakuaga. Hayo nimeshayazoea, ndiyo maisha. Lakini kwamba na makundi ya muziki nayo yanapunguzwa gramu, hilo sikuambiwa.

Tangazo lilikuwa na picha ya vijana watano. Kundi lenyewe silitaji, maana lina mashabiki wakali, na mmoja wao nalala naye chumba kimoja. Picha ya enzi zile: suruali za mifuko magotini, jezi za kikapu, kila mmoja kakunja uso kama anadaiwa. Jina la kundi limejaa karatasi nzima. Chini kabisa, karibu na namba ya kulipia meza, kwa herufi zile wanazoandikia masharti ya mkopo, wameweka "wakiwakilishwa na", halafu majina mawili. Nani anasoma huko chini? Mke wangu alishapiga kelele zamani.

Elfu hamsini kichwa. Watu wawili, laki. Hapo hujanunua hata maji, na maji ya ukumbini sijui huwa yanatoka Zamzam.

Wakaingia wawili. Na bora wangekuwa wale wawili! Kila kundi lina yule wa sauti nyembamba anayewaliza dada zetu, lina wa kurap, lina mtunzi ambaye hakuna anayeijua sura yake. Sisi tukaletewa yule aliyekuwa anasema "eeh, eeh" nyuma ya kiitikio, pamoja na yule wa kucheza. Sauti nyembamba yuko zake Mbagala na duka la vifaa vya ujenzi. Nasikia saruji inatoka vizuri.

Kikafika kibao chenyewe. Ubeti wa kwanza ni wa sauti nyembamba, taifa zima linajua. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nione watafanyaje. Yule wa "eeh" akatunyooshea maiki: "Dar es Salaaam, imbeniii!" Tukaimba. Ubeti wote. Wa pili vilevile. Yeye akarudi kwenye kiitikio kusema "eeh" yake, tena kwa ufundi mkubwa, sina cha kumlaumu hapo. Lakini nifikirieni na mimi: nimelipa elfu hamsini kwenda kumfanyia kazi mtu aliyelala kwake. Mke wangu aliimba mpaka kesho yake asubuhi chumvi ananiagiza kwa ishara.

Yule wa kucheza naye goti limegoma. Anaanza mtindo, akifika kwenye kuruka anawaonyesha mashabiki kidole, kama anayesema rukeni nyinyi. Mapengo yakazibwa na dogo mmoja wa kukodi ambaye wimbo ule ukitoka yeye alikuwa ananyonya. Na hadithi sasa! Kila wimbo mmoja, hadithi mbili. Mnakumbuka tulivyolala stendi Dodoma? Sikumbuki, kaka, mimi sikuwepo, imba.

Nikamfuata kijana wa getini. Nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, nipatie chenji ya watatu." Akaniangalia kuanzia viatu. "Mzee, kiingilio ni cha ukumbi, siyo cha vichwa." Sasa kama ni cha ukumbi, kwa nini hamkubandika picha ya ukumbi?

Kesho yake nikaipeleka kesi barazani, kwenye kahawa. Mzee mmoja mpenzi wa dansi akanicheka mpaka akamwaga kikombe. Akasema mambo ya makundi kumeguka hayakuanza jana, akatukumbusha Simba Wanyika, bendi ya akina Kinyonga, watoto wa Tanga waliohamia Nairobi. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki likatoka pale, likaunda Les Wanyika. Baadaye Issa Juma, mwimbaji wa hao Les Wanyika, naye akatoka na Super Wanyika yake. Wanyika kila kona! Nikamwambia mzee, hapo umenipa ushindi wewe mwenyewe. Wale walijitenga, wakajipa jina lao, wakatunga vyao, na kibao kilichowatangaza kikawa ni cha kusema Sina Makosa. Hayo ndiyo matengano ya heshima. Simba yenyewe ikaendelea kunguruma, ukalipa huku au ukalipa kule, unapewa bendi nzima. Hata bendi ya Wenge Musica ya Kinshasa ilipovunjika mwaka 1997, mwimbaji JB Mpiana alibaki na Wenge BCBG, mwenzake Werrason akaenda na Wenge Maison Mère, na kila upande ukajaza jukwaa watu mpaka unajiuliza wametokea wapi. Temeke hapa, kundi la TMK Wanaume lilipogawanyika, Juma Nature akaondoka na Wanaume Halisi, akina Temba na Chege wakabaki na Wanaume Family. Waligawana watu. Mimi nimegawiwa mabaki.

Mpwa wangu akadakia, simu mkononi. "Anko, mbona hata Wazungu wanafanya?" Akanionyesha Boyzlife. Hawa ni Brian McFadden, aliyetoka kundi la Westlife mwaka 2004, na Keith Duffy wa kundi la Boyzone, wote wa Ireland. Mwaka 2016 wakaunganisha nguvu, na majina wakayaunganisha hukohuko. Nikampigia hesabu. Boyzone watano, Westlife watano, jumla kumi. Wamekuja wangapi? Wawili. Wewe unalipa nusu mbili za vitu viwili, unatoka na robo hata haijatimia! Ingawa hao angalau jina lenyewe linakuonya mapema: hii ni mchanganyiko, mteja ufungue macho.

Kiboko yao ni Boney M. Hao mnawajua, ikifika Desemba supamaketi zote ni wao, hata ukienda kununua dawa ya mbu. Walikuwa wanne: Liz Mitchell, Marcia Barrett, Maizie Williams na Bobby Farrell. Kundi lilipovunjika mwaka 1986, likazaa Boney M ya huyu na Boney M ya yule, zote zinazunguka dunia na nyimbo zilezile. Ila sikieni hili. Ile sauti nzito ya kiume kwenye kanda haikuwa ya Bobby. Ilikuwa ya Frank Farian, Mjerumani aliyeliunda kundi, yuko zake studio. Bobby alikuwa anacheza na kufungua mdomo. Maana yake Bobby alipokuja na Boney M yake, ulilipia kusikia mtu ambaye hata siku alizokuwepo hakuwepo. Lakini yeye simdai. Alifariki hotelini St. Petersburg tarehe 30 Desemba 2010, baada ya shoo, kwenye mji uleule na tarehe ileile aliyouawa Rasputin, yule mtu wa dini wa Urusi waliyemwimba kwenye kibao chao, mwaka 1916, huyo Rasputin aliyekuwa akimchezea jukwaani miaka yote. Mtu kacheza mpaka siku ya mwisho, chenji ya nini?

Wa kwetu ndio nawadai. Jana mke wangu, sauti imeshamrudia kwa bahati mbaya, kaniletea tangazo jipya. Sauti nyembamba kafunga duka la saruji wikiendi moja, kaungana na wa kurap, nao wanakuja. Picha ni ileile ya watano. Kiingilio elfu hamsini. Na mtunzi naye kamwambia mtangazaji fulani redioni kwamba anajiandaa kivyake.

Kwa hiyo mimi, kuwaona watu watano niliowaona wote bure uwanjani nikiwa kijana, natakiwa nilipe mara tatu, mimi na mke wangu, jumla laki tatu. Nimempigia promota. Sijagombana naye, nimemuuliza swali moja tu: yule dogo wa kukodi atakuwa upande gani, maana kusema kweli ndiye aliyeimba.