Ndoo za dagaa na uduvi wa Antaktika

Juzi mashua ya mjomba ilirudi diko la Deep Sea, hapa Tanga, imejaa dagaa mpaka akina mama wanaochemsha wakaishiwa chumvi. Bwana mmoja akapayuka: "Wanaosema samaki wameisha waje hapa!" Watu wakacheka. Mie sikucheka sana.

Mjomba hakukutana na dagaa hao kwa bahati. Kazunguka na taa zake usiku kucha mpaka kawapata. Dagaa hukaa makundi, na nahodha mzuri hulifikia kundi hata likiwa limebaki moja. Ndoo zitajaa vilevile huku bahari nzima inakauka.

Krili wa Antaktika, ambao mimi nawaita uduvi wa kusini (hawafanani sana na hawa wetu wa kuunga nazi, maana hufika sentimita 6), nao ni wa makundi. Ndiyo maana watafiti hawatosheki na hesabu za meli za uvuvi. Huchora mistari kwenye ramani kabla ya kung'oa nanga, kisha meli huifuata, pawe na krili au pasiwe na kitu. Chombo cha mwangwi hupeleka sauti chini na kupokea inayorudi. Krili huitikia kwa nguvu zaidi kwenye sauti nyembamba ya kilohezi 120 kuliko ile nzito ya 38, na tofauti hiyo husaidia kuwatenga na samaki. Wavu hushushwa pia ili kumjua mwenye mwangwi na kumpima urefu, ila peke yake hautoshi: mchana krili huuona wakaukwepa.

Mwaka 2000 meli nne, za Uingereza, Marekani, Urusi na Japani, zilipima hivyo upande wa kusini wa Atlantiki. Jibu la kwanza lilikuwa takriban tani milioni 44. Baadaye likashuka hadi 37, na mwaka 2010 likapanda hadi 60. Mwangwi ni uleule. Kilichobadilika ni uelewa wa jinsi mwili wa krili unavyorudisha sauti. Wapo watakaosema hao wanabahatisha. Mimi hapo ndipo waliponikamata. Walikosea, lakini mwangwi wenyewe walikuwa wameuhifadhi, pamoja na maji matupu waliyopita, kwa hiyo waliweza kurudi kuhesabu upya.

Sisi tutarudi kuhesabu nini? Tunakumbuka ndoo tu. Saa za kuzunguka, mahali, idadi ya taa, kama kulikuwa na mbalamwezi, hakuna aliyeandika. Nilimuuliza mjomba mwezi huu karudi mtupu mara ngapi.

"Mpwa wangu, hizo nazo zinahesabiwa?"

Nikamnunulia daftari na kalamu, nikampigia mistari: tarehe, saa, mahali, taa, mbalamwezi, ndoo. Jana nimelifungua. Ukurasa wa kwanza kaandika bei ya petroli, na chini yake jina la baharia anayemdai.