Wayoruba hela wanatoa wakicheza, sisi tunadaiwa kwenye grupu

Jumamosi nilikuwa Peckham, London, harusi ya kimila ya Kiyoruba, wale wa Nigeria, dada tunafanya naye kazi anaolewa. Raha zimepamba moto, simu inatetemeka: grupu la harusi Dar, mweka hazina kabandika orodha ya ambao hatujamalizia ahadi za mchango. Jina langu limo, na bwana harusi mwenyewe wa huko Dar hata kwa sura simjui.

Huku mbele yangu bwana harusi na rafiki zake wamelala kifudifudi na agbada zao, yale majoho mapana ya bei mbaya, wanawasalimia wakwe, na yule mama mshereheshaji wa upande wa bibi harusi, wanamwita alaga, hataki wainuke mpaka watoe kitu. Wanatoa huku wanacheka. Halafu bahasha ya mahari ikarudishwa!! Familia nyingi za Kiyoruba ndo zao, wanasema binti hatuuzi. Nikawakumbuka wajomba zangu na debe zao za mbege, nikacheka peke yangu.

Baadaye maharusi wakaingia kucheza, watu wakawa wanawafuata wanawabandika noti mojamoja usoni, begani, ndugu wanaokota. Asiye nacho anacheza, anakula wali wake wa jollof, anaenda nyumbani. Hakuna baunsa mlangoni anayekuuliza kadi yako ni singo au dabo.

Najua mshaanza, "huyu kafika majuu kasahau alikotoka". Kwenda huko! Harusi zetu nazipenda kuliko nyie mnaozilalamikia kila wikiendi, matarumbeta juu ya pikapu kutoka kanisani mpaka Sinza huku mashangazi wanarusha vigelegele, hapa sijayasikia. Na kutuza tunajua sana, nenda kwenye taarabu uone wamama wanavyopanda jukwaani na noti. Sasa mkono huohuo unaotuza kwa raha kwa nini kwenye harusi tuugeuze wa kudai deni?

Kuna mmoja hapo atasema na aso ebi je, ile sare wanayouziwa wageni, si mchango huo? Ni mchango, na ghali, bei ya lesi yangu siiandiki hapa mke wangu asije akasoma. Ila nguo ninayo kabatini, kadi ya mchango umebaki nayo wewe? Na sisemi kwao ni peponi. Kumwaga noti za naira, hela yao, pale Nigeria ni kosa, sheria ya Benki Kuu ya 2007 inakataza, na 2024 yule staa wao Bobrisky alihukumiwa miezi 6 Lagos kwa hilohilo, ingawa maharusi bado wanamwagiwa kama kawa.

"Bila kamati harusi haifanyiki, maisha magumu." Sawa, si ndo ufanye ndogo? Pilau, matarumbeta, wazazi wa pande mbili, basi. Nani alikutuma ukodi ukumbi wa watu mia nne na mshahara wako naujua, halafu mimi na mama muuza vitumbua wa pale kwenu ndo tuulipie?